Mikono ya Elburgon

Nilifunga safari ya Elburgon kwa sababu ya mashine ambayo haiko Elburgon. Ni mashine ya kuchapa ngozi ya binadamu. Nilikuwa nimesoma habari zake kwa muda mrefu, nikazipenda, na kadiri nilivyosoma ndivyo swali moja lilivyozidi kunisumbua: ngozi hiyo inayochapwa ni ya nani, na inafundishwa kuugua ugonjwa wa nani? Swali la namna hiyo huwezi kulimaliza ukiwa umekaa mezani. Nikataka kulipeleka mahali ambapo ngozi ya mtu inafanya kazi ngumu kila siku, tena kwenye baridi.

Kutoka Nakuru, nchini Kenya, tulipitia Njoro, na hapo Njoro nilishuka kidogo kwa sababu ya ngano. Mwaka 1998 nchini Uganda iligunduliwa kutu kali ya shina la ngano, ikaja kuitwa Ug99. Aina nyingi za ngano zilizokuwa zikitegemewa duniani hazikuweza kuihimili. Tangu 2005, nchi nyingi zimekuwa zikileta mbegu zao kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO hapo Njoro. Maelfu ya aina hupandwa kila msimu kwenye mashamba ambayo kutu imeachwa itambe, ili ijulikane ipi itasimama na ipi itaanguka. Mtaalamu wa Mexico au India analeta mbegu yake Bonde la Ufa kwa sababu ugonjwa unaishi hapa. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana ndilo nililolibeba hadi mwisho wa safari.

Baada ya Njoro barabara inapanda. Mashamba ya ngano yanapungua, viazi na kabeji vinachukua nafasi, halafu ile mistari mirefu ya misaipresi na mipaini inajitokeza na hewa inabadilika. Elburgon uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, kwenye reli ile ile ya Nakuru hadi Kisumu iliyofika ziwani mwaka 1901, na mji wenyewe umejengwa na msitu. Mbao zimepangwa kando ya barabara, magogo yamelala kwenye malori, na harufu ya utomvu inakupokea kabla hujaona kiwanda. Asubuhi watu huvaa makoti mazito na kofia za sufi. Moshi wa kuni hautoki jikoni haraka.

Kwenye uwanja mmoja wa kupasulia mbao nilikutana na mzee ambaye ameshika msumeno wa mashine tangu ujana wake. Sikulazimika kumuuliza mengi. Niliposema nimekuja kwa habari za ngozi alivua glavu na kunyoosha mikono. Juu ya vidole ngozi ilikuwa nene, ngumu, yenye magamba. Kwenye viungo vya vidole ilikuwa imepasuka nyufa, na katika nyufa kulikuwa na wekundu wa nyama. Kwenye vifundo vya mikono kulikuwa na mabaka meusi kuliko ngozi iliyoyazunguka.

"Usiku ndio inawasha," akasema. "Mchana nina kazi, naisahau. Nikilala mkono unajikuna wenyewe. Mama watoto huona damu kwenye shuka asubuhi."

Kisha akanipa habari ambayo daktari yeyote wa ngozi angeinukuu. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti misituni. Magogo yakaisha, viwanda vikanyamaza, naye akaenda kulima viazi vya watu kwa kibarua. Njaa ilibisha hodi, lakini mikono ikapona. Vipele vikakauka, nyufa zikafunga, usingizi ukarudi. Mwaka 2023 marufuku ilipoondolewa, mzee alirudi kwenye msumeno kwa furaha, na ugonjwa ukarudi naye.

Nilimwuliza kama aliwahi kumweleza mganga yeyote habari hiyo ya kupona na kurudi. Akasema hakuna aliyemwuliza.

Kilichomo kwenye uwanja ule kinajulikana. Utomvu wa paini una kolofoni, ambayo ni miongoni mwa vitu maarufu kwa kuchokoza ngozi za watu. Gundi nyingi za plaiwudi zina fomaldihaidi. Ukipanda juu kidogo kuelekea Molo unakuta pareto, na pareto ni jamaa ya alizeti na daisi, ukoo ambao maua yake hubeba kemikali za kundi la laktoni, zile zinazofanya mikono ya baadhi ya wachumaji kuvimba na kutoa majimaji. Hospitali za Ulaya zina kipimo cha kubandika plasta mgongoni, kila plasta na kichokozi chake, ili kumtambua adui wa mgonjwa baada ya siku chache. Kwenye orodha yao ya kawaida kolofoni imo, fomaldihaidi imo, na mchanganyiko wa laktoni za ukoo wa daisi umo. Maadui watatu wa Elburgon wameorodheshwa tayari, lakini mgongo wa mzee huyu haujawahi kubandikwa hata plasta moja. Alichowahi kupata ni tyubu.

Tyubu hizo nilizikuta kwenye kila kemisti nilimoingia. Nyingi huchanganya steroidi kali, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria ndani ya mrija mmoja, ili muuzaji asiyejua ugonjwa awe na uhakika kwamba kitu kimojawapo kitafanya kazi. Steroidi hutuliza mwasho kwa siku chache, na mgonjwa hushukuru. Ikipakwa miezi mingi bila uangalizi ngozi huwa nyembamba, michirizi hutokea, na tyubu ikiachwa ghafla ugonjwa unaweza kulipuka kwa nguvu mpya. Simlaumu mwenye duka la dawa, maana mbele yake amesimama mtu ambaye hajalala, na madaktari bingwa wa ngozi wamejaa Nairobi na miji mikubwa. Afisa wa kliniki mmoja niliyezungumza naye alikuwa na foleni ya malaria, nimonia na wajawazito, na katikati ya foleni hiyo ngozi huonekana kama jambo linaloweza kungoja. Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyatambua magonjwa ya ngozi kuwa suala la kipaumbele. Nililisoma azimio hilo nikifikiria foleni kama ile.

Sasa nirudi kwenye mashine. Ngozi yenye afya hujitengeneza upya kutoka chini: seli huzaliwa kwenye tabaka la ndani, hupanda polepole, hufa zikiwa juu, na kuwa ukuta unaozuia maji kutoka na vijidudu kuingia. Safari hiyo huchukua takriban mwezi. Kwa mgonjwa wa soriasisi inakamilika kwa siku chache tu, kwa sababu seli za kinga zinapiga mayowe ya vita bila adui, na seli changa zinarundikana juu zikiwa bado mbichi. Kwenye ukurutu sugu mayowe ni ya aina nyingine, yanabebwa na protini kama IL-4 na IL-13, na ukuta unavuja. Kuzijua protini hizo kumezaa sindano za kisasa. Secukinumab ya soriasisi iliidhinishwa Marekani mwaka 2015, na dupilumab ya ukurutu 2017. Zimebadilisha maisha ya wagonjwa wanaozipata, na bei yake haimfikii mtu wa msumeno.

Kabla ya dawa kama hizo kumfikia binadamu, hujaribiwa kwa panya. Lakini ngozi ya panya ni nyembamba, imejaa manyoya, na kidonda chake hupona kwa kujivuta badala ya kujaza nyama kama chetu. Tangu 2009 watafiti humpaka panya krimu ya imikwimodi ili apate kitu kinachofanana na soriasisi. Kinafanana tu, na dawa nyingi zilizomponya panya zimeshindwa kwa mtu. Hapo ndipo wazo la kuchapa lilipopata nguvu.

Wino wake ni seli hai zilizochanganywa na ute wa kolajeni au protini za kugandisha damu. Kichwa cha mashine hupita juu ya visahani vidogo, kikiweka kwanza tabaka la chini lenye seli za kutengeneza nyama ya ngozi na seli za mishipa ya damu, kisha juu yake seli za tabaka la nje. Halafu sehemu ya juu huachwa wazi ipigwe na hewa huku chini ikinyonya chakula, maana ngozi haikomai bila kukutana na hewa. Baada ya wiki kadhaa kuna kipande kidogo, na pembeni yake vipande vingine vingi vilivyochapwa kwa kipimo kile kile. Mwaka 2020 watafiti wa NCATS, kituo cha serikali ya Marekani kilichoko Maryland, wakiwemo Marc Ferrer na Min Jae Song, walitangaza ngozi ya namna hiyo yenye mishipa, wakaimwagia IL-4, nayo ikaugua ukurutu. Seli zikaachana, ukuta ukalegea, na dawa zikaweza kujaribiwa juu yake bila mtu wala mnyama kuumia. Desemba 2022 sheria ya Marekani ilibadilishwa, na kumpitisha mnyama kwanza kukaacha kuwa sharti la lazima kwa kila dawa mpya.

Nilikuwa nikieleza haya kwa Kiswahili changu cha kawaida katika kibanda cha chai karibu na soko, na shosho mmoja aliyeuza karoti akanikatiza. "Mwanangu, hiyo ngozi inaweza kubandikwa mtu aliyeungua?"

Kila mtu pale alijua anazungumzia nini. Tarehe 31 Januari 2009, Sachangwan, si mbali na hapa, lori la mafuta lilianguka na watu wakakimbilia kuchota. Moto ulipolipuka uliua zaidi ya watu 100, na waliobaki walibeba majeraha ambayo wengine wanaishi nayo hadi leo. Nikamjibu shosho kwamba vipande hivi vya utafiti ni vidogo mno, na kazi yake ni kuugua na kujaribiwa dawa. Lakini ukoo wao ni mmoja na ngozi ya walioungua. Mwaka 1975 James Rheinwald na Howard Green, huko Marekani, walifaulu kukuza seli za ngozi ya mtu kwenye sahani kwa wingi. Mwaka 1983 watoto wawili ndugu wa Wyoming, walioungua karibu mwili mzima, waliokolewa kwa ngozi iliyokuzwa kutokana na vipande vidogo vya ngozi yao wenyewe iliyosalimika. Shosho alisikiliza hadi mwisho. Akauliza ni lini itafika Nakuru, nami sikuwa na tarehe ya kumpa.

Kuna historia nyingine niliyotamani aijue, kwa sababu ni yetu. Mwaka 1970, miaka mitano kabla ya Rheinwald na Green, kwenye maabara ya Muguga nje kidogo ya Nairobi, Malmquist, Nyindo na Brown walikuza kwenye chupa seli za wengu wa ng'ombe zilizokuwa na vimelea vya ndigana kali. Seli zile ziliendelea kuishi na kugawanyika, na jina la Muguga linabebwa pia na chanjo ya ndigana kali ambayo wafugaji wa Afrika Mashariki wanaitumia. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kukuza seli ni kazi ya mbali isiyowezekana huku, nitamwelekeza Muguga. Tulifanya hivyo kwa ng'ombe zaidi ya nusu karne iliyopita.

Na ngozi ya nani inachapwa? Seli zinazotumika kwa kawaida hununuliwa, na nyingi hutoka kwenye magovi ya watoto wachanga waliotahiriwa hospitalini, au kwenye ngozi iliyobaki baada ya upasuaji wa watu wazima, hasa katika nchi ambako maabara zenyewe ziko. Miundo mingi haina seli zinazotengeneza rangi. Jambo hili si dogo. Kwenye ngozi nyeusi uvimbe hauonekani mwekundu kama vitabu vingi vilivyochapishwa Ulaya vinavyoonyesha. Huonekana wa zambarau, wa kijivu, au weusi uliokolea tu. Na ugonjwa ukipoa huacha mabaka yanayokaa miezi, pengine miaka, na mabaka hayo humuumiza mgonjwa kuliko mwasho. Binti mmoja wa kemisti aliniambia wateja wake wengi vijana huja kutafuta dawa ya baka, wakati ugonjwa wenyewe umeshapita. Mwaka 2020 Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari mzaliwa wa Zimbabwe aliyekuwa akisoma London, alitoa pamoja na walimu wake kitabu cha picha za magonjwa kwenye ngozi nyeusi, kwa sababu darasani hakuwa akizikuta. Ngozi ya maabara isiyo na rangi itatupa dawa ya kutuliza uvimbe. Haiwezi kutuambia lolote kuhusu baka.

Tofauti nyingine iko ndani zaidi. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee walionyesha kwamba Wazungu wengi wenye ukurutu wana kasoro kwenye jeni ya filagrini, protini inayoshikamanisha ukuta wa ngozi. Ugunduzi huo ulibadilisha vitabu. Mwaka 2011 wagonjwa wa ukurutu wa Ethiopia walipopimwa, kasoro hizo zilikuwa karibu hazipo. Waliugua, waliwashwa, ngozi zao zilipasuka, lakini mlango ugonjwa uliopitia ulikuwa mwingine. Na mwaka 2019 Sirugo, Williams na Tishkoff walikadiria kwamba kwenye tafiti kubwa za jeni duniani asilimia 78 ya washiriki walikuwa wa asili ya Ulaya, na Waafrika asilimia 2. Ukiuchapa ugonjwa kwa kufuata jeni na seli za wale asilimia 78, utapata kipimo kizuri kwa ajili yao. Kwa mzee wa msumeno utakuwa unabahatisha.

Niseme pia kile ambacho ngozi ya kuchapwa bado haiwezi, maana nimeona watu wakiisifu kupita kiasi. Nyingi hazina seli za kinga za kutosha, na mzio wa utomvu au pareto ni kazi ya seli za kinga. Hazina tezi za jasho wala vinyweleo. Na nyingi hazina mishipa ya fahamu, maana yake ni kwamba haziwashi. Mwasho ndio uliompeleka kila mgonjwa niliyekutana naye kutafuta msaada, na mwasho ndio usioonekana kwenye sahani. Kuna maabara zinazojaribu kuongeza mishipa hiyo, na naona hiyo ndiyo kazi yenye thamani kuliko zote katika fani hii.

Siku niliyopanda kuelekea Molo, mama mmoja alinionyesha shamba lake la pareto. Maua meupe yalikuwa yakianikwa kwenye gunia. Kenya ilikuwa inaongoza dunia kwa zao hili miongo kadhaa iliyopita, likaanguka, na sasa wakulima wanashawishiwa kulirudia. Yeye amelirudia. Huchuma kwa mikono mitupu, kwa sababu glavu humchelewesha na ua huhitaji kushikwa kwa ncha za vidole. Binti yake alijaribu msimu mmoja, uso na shingo vikavimba, akaacha. Mama mwenyewe hajawahi kupata hata kipele. Damu moja, shamba moja, ua moja: mmoja kaugua, mwingine mzima. Nilisimama pale nikiwaza kwamba hakuna panya atakayenieleza sababu yake. Vipande viwili vya ngozi vilivyochapwa, kimoja kwa seli za mama na kingine kwa seli za binti, vikipewa seli zao za kinga na tone la maji ya ua hili, vingeweza kuanza kutueleza.

Nilimwuliza kama angekubali kutoa kipande cha ngozi kidogo kuliko punje ya mahindi. Hakunijibu papo hapo. Alitaka kujua nani atakitunza, kama kitauzwa, na kama majibu yatarudi Molo. Haya ni maswali ambayo familia ya Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi ambaye seli zake zilichukuliwa mwaka 1951 bila ridhaa yake, iliyabeba kwa miongo kadhaa kabla ya kampuni moja kufikia maafikiano nayo mwaka 2023. Mama wa pareto aliyauliza kabla ya mtu kushika wembe. Kila fomu ya ridhaa itakayoandikwa kwa ajili ya eneo hili ingepaswa kuyajibu maswali yake matatu kwenye ukurasa wa kwanza, kwa Kiswahili, kwa Gikuyu na kwa Kikalenjin.

Tena ngozi haitakosekana. Wavulana wengi wa Bonde la Ufa hutahiriwa kila Desemba, wengi wao sasa hospitalini, na kinachokatwa huchomwa pamoja na taka nyingine. Wazazi wakielezwa vizuri na wakikubali, hospitali moja ya Nakuru ingeweza kuanzisha hazina ya seli za ngozi nyeusi kwa msimu mmoja, zikiwa na rangi yake na jeni zake. Maabara ya kuzikuza haihitaji kuwa na printa ya mamilioni tangu siku ya kwanza. Inahitaji kabati safi la hewa, tanuri la kutunza joto la nyuzi 37, umeme usiokatika, na watu waliofunzwa. Watu hao tunao: Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, na wataalamu wa ngozi wa ukanda huu wamekuwa wakifunzwa Moshi, Tanzania, kwenye hospitali ya KCMC, tangu miaka ya 1990.

Na kama ningeulizwa cha kudondoshea kwenye sahani za kwanza, nisingeanza na kemikali iliyoagizwa kutoka ng'ambo. Ningefanya kama wanavyofanya Njoro kwa ngano, nianze na kinachoishi hapa: unga wa mbao wa saipresi, utomvu wa paini, gundi ya plaiwudi na maji ya ua la pareto, kisha nipake juu yake zile tyubu za kemisti, moja baada ya nyingine, nione ni ipi inayoponya ukuta wa ngozi na ni ipi inayoubomoa. Mzee wa msumeno aliniambia yuko tayari hata kesho, mradi asikose kibarua cha siku hiyo.